Ruhusa iwe ya maandishi

Mwandishi, katika makala yako maandalizi ya safari umeyapitia juujuu mno. Walimu wetu wanaokwenda Marekani kufundisha Kiswahili vyuoni kupitia mpango wa Fulbright FLTA hukaa huko karibu miezi 9, na mpango hauruhusu kufuatana na mke, mume wala watoto. Huku wanafundisha, huku wanasoma kozi zao, na shahada hawapati. Baadaye viza yenyewe inawataka wakae nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu kule. Mwenye mtoto mchanga na ayapime hayo kabla ya kujaza fomu.

Kinachowashtua wengi ni darasa, kuliko hata baridi. Mwanafunzi anakuita kwa jina lako la kwanza, kikombe cha kahawa mkononi, na hana nia ya kukudharau! Mzoee tu, wiki ya pili mfundishe shikamoo, ataipenda. Koti zito usihangaike nalo Kariakoo, mitumba mizuri iko hukohuko. Desemba ndiyo ngumu: chuo kimefungwa, bweni kimya. Tafuta mapema Waswahili wenzako mjini.

Halafu ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi. Ahadi ya mdomo haikutetei jina likishatoka kwenye orodha ya mishahara.

Nanyi wakuu wa shule, akirudi mwalimu huyo mpeni nafasi awaonyeshe wenzake alichojifunza, msimrundikie vipindi vyote vilivyokuwa vinamsubiri.