Tuache kukariri njia ya faili, tuanze kuyapa mafaili majina

Leo sizungumzii bei wala matangazo. Nazungumzia ile sehemu ya simu na kompyuta tunakotunza mafaili yetu: picha za bidhaa, risiti za mizigo, skrinishoti za miamala. Nazungumza kwa uchungu kidogo, maana ilishanitoa pesa.

Mwaka 2021 nilikuwa nauza viatu vya kike, nanunua Kariakoo nawatumia wateja wa mikoani kwa basi. Utaratibu mnaujua. Boda anapeleka mzigo ofisi ya basi, anapewa risiti, anaipiga picha ananirushia WhatsApp, na mimi namrushia mteja. Sasa mteja mmoja wa Mbeya akalipia pea tatu, 96,000. Mzigo ukaondoka, risiti nikasahau kumrushia. Kesho yake saa kumi na moja jioni ananipigia yuko dirishani, anaambiwa ataje namba ya risiti, na nyuma yake kuna foleni.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimebadilisha simu. Ya zamani ilikuwa Android 8, mpya Android 11. Mazungumzo na boda nilishayafuta (huwa nafuta maneno nabakiza picha, simu isijae). Halafu picha za WhatsApp nilizizuia zisionekane kwenye galari, maana nilichoka kuona harusi za magrupu zimechanganyika na viatu vyangu. Kwa hiyo njia yangu ilibaki moja: nafungua mafaili, naingia folda ya WhatsApp iliyopo palepale mwanzoni, naingia Media, naingia picha. Nilikuwa naijua njia hiyo gizani.

Nafungua simu mpya, folda ya WhatsApp haipo. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Haipo. Nikaingia Android, nikaona madude ya "data" na "obb", nikajisemea haya ni matumbo ya simu, nisiguse, nikatoka. Dada wa watu yuko kwenye simu anasubiri, mimi namwambia "nipe dakika mbili mpenzi". Dakika mbili zikawa arobaini, ofisi ikafungwa, akarudi nyumbani na nauli yake imepotea. Usiku akaniandikia maneno machache tu: naomba unirudishie pesa yangu. Nikarudisha. Kuusafirisha mzigo nililipia mimi kwenda na kurudi, na yeye hajanunua tena kwangu mpaka leo.

Asubuhi nikampa simu kijana wa duka la jirani. Hakufungua folda hata moja. Aliniuliza boda alituma tarehe ngapi, akaandika kwenye sehemu ya kutafuta namba za tarehe tu, 20211118, picha zikajipanga zenyewe. Kumbe WhatsApp kwenye Android inazipa picha jina lenye mwaka, mwezi na siku ndani yake, kama IMG-20211118-WA0009. Miaka yote nimeona majina hayo nikadhani ni uchafu.

Kilichotokea ni hiki. Kuanzia Android 11 iliyotoka 2020, Google walikaza utaratibu wa programu kuingia kwenye hifadhi ya pamoja ya simu. Kila programu ikatakiwa ikae zaidi kwenye eneo lake. WhatsApp nao wakahamisha vitu vyao: unaingia Android, halafu media, halafu com.whatsapp, ndani yake WhatsApp, ndipo unaikuta Media uliyoizoea. Picha zangu zote zilikuwepo. Zilihama chumba tu, na mimi nilikuwa nagonga mlango wa zamani.

Sasa maoni yangu, na najua wengine hamtakubali.

Nikisimulia kisa hiki watu wengi huniambia "ndo maana mimi huwa siapdeti kitu". Ushauri huo unazunguka sana kwenye magrupu ya biashara na mimi naupinga. Simu ndiyo duka letu, ndiyo pochi, ndiyo daftari la madeni. Kuiacha bila apdeti za usalama ili tu vitufe visihame ni sawa na kutobadilisha kitasa kibovu kwa sababu umezoea kukifungua. Halafu huna ubavu wa kuzuia milele. Microsoft waliacha kutoa msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wetu tuna laptopu zilizokwishatumika na wenzetu, zina Windows 10, na siku moja fundi atairudisha ikiwa na 11, utake usitake.

Wanaosema tuwalaumu watengenezaji nao nakubaliana nao nusu. Tuangalie Windows, maana historia yake ni ya kufungua na kufunga. Mwaka 1995 walituletea "My Computer" pale kwenye skrini. Windows Vista ilipofika 2007 ikaitwa "Computer" tu. Windows 8.1 ikaja 2013, ikaitwa "This PC". Ni kitu kilekile! Vista hiyohiyo iliondoa mshale wa kupanda folda ya juu, watu wakalalamika miaka, ukarudishwa 2012 kwenye Windows 8.

Na hawabadilishi kwa kubahatisha, hilo niwatetee. Agosti 2011 Microsoft walieleza hadharani walivyohesabu matumizi ya watu. Amri 10 tu ndizo zilizobeba zaidi ya asilimia 80 ya kazi yote inayofanyika kwenye mafaili, vitu kama kunakili, kubandika, kufuta, kubadili jina. Kati ya hizo 10, mstari wa juu wa wakati ule ulikuwa na 2 tu. Ndipo wakaweka ule utepe mpana wa vitufe juu, wenye Home, Share na View. Hesabu safi kabisa. Halafu 2021, Windows 11, utepe wote ukang'olewa.

Utepe huo ulinikuta na mimi. Nilikuwa nimemwandikia msaidizi wangu karatasi nikaibandika ukutani: chagua picha, bonyeza Home juu, bonyeza Copy to, chagua flashi. Binti akaifuata karatasi vizuri sana kwa muda mrefu. Laptopu iliporudi kwa fundi ikiwa na toleo jipya, utepe haupo, ila upande wa kushoto kuna neno Home. Ni Home nyingine kabisa, inaonyesha mafaili ya karibuni. Akaibonyeza kwa sababu karatasi imesema Home. Akapelekwa sehemu asiyoijua, akaona picha chache za juzi, akadhani ndizo zote zilizobaki. Alinipigia analia, anasema "dada nimefuta picha za duka". Hakuwa amefuta kitu. Karatasi yangu ndiyo iliyomdanganya, na mwandishi wa karatasi ni mimi.

Kosa ambalo sitawasamehe watengenezaji ni jingine. Menyu inayotokea ukibonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kwenye Windows 11 ya mwanzo, ilitoa maneno ya kukata, kunakili, kubadili jina na kufuta, ikaacha alama tupu. Wewe uko Kariakoo, unamwelekeza mtu aliye nyumbani kwa simu, unamwambia "bonyeza Copy", anakujibu "Copy haipo dada, kuna kikaratasi na kikaratasi". Utamwelekezaje? Kwenye toleo la 2024 wakayarudisha maneno chini ya zile alama. Kwa hiyo waliolalamika hawakuwa washamba. (Kama yako bado ina alama tupu, shika Shift halafu bonyeza kitufe cha kulia, menyu ya zamani inatokea nzima.)

Pamoja na hayo, kulalamika hakujanirudishia 96,000. Kilichonigeuza ni kugundua kwamba mimi nilikuwa sijui mafaili yangu yanaitwaje. Nilijua yanakaa wapi kwa macho: la tatu kutoka juu, lile la njano, pembeni ya nini sijui. Macho ndiyo kitu cha kwanza apdeti inachoharibu. Jina la faili wanaliacha lilivyo.

Ndiyo maana siku hizi kila faili la biashara nalipa jina mwenyewe, siku hiyohiyo, kabla mzigo haujafika stendi. Naanza na mwaka, mwezi, siku, halafu mji, halafu ni kitu gani: 2025-03-14 Mbeya viatu risiti. Mwaka uanze, hapo tuelewane. Ukianza na siku, tarehe 2 ya Mei itakaa juu ya tarehe 14 ya Machi na utachanganyikiwa. Ukianza na mwaka mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano sahihi, kwenye simu, kwenye laptopu ya zamani, kwenye mpya, hata kwenye flashi uliyochomeka kwa mtu wa kuprinti. Jina la mteja sipendi kuliandika lote, naweka mji na herufi mbili, maana simu inaweza kuibwa.

Faili likishakuwa na jina, nalihamishia folda moja niliyoitengeneza ndani ya Documents, inaitwa Biashara. Sina folda kumi na tano za rangi rangi. Nilishawahi kuwa nazo, nikawa natumia muda kukumbuka nimeweka wapi kuliko kuuza.

Na ile orodha ya mafaili ya karibuni, jamani, tuiogope. Kuanzia Windows 10 ya 2015, kompyuta ikifungua mafaili inakutangulizia ulivyovigusa juzi, na simu nyingi ziko hivyohivyo. Ni tamu kwa sababu unakuta kila kitu mbele. Lakini pale faili linapita tu, likisukumwa na mengine linatoka, na wewe hujawahi kujua lilikuwa linakaa wapi. Siku mteja anadai risiti ya miezi minne iliyopita, utasaga kidole skrini nzima.

Kwa wenye kompyuta kuna kitu kingine ambacho hakijahama muda wote huo. Kitufe cha Windows pamoja na E kinafungua mafaili tangu 1995. Ctrl na C unanakili, Ctrl na V unabandika, F2 unabadili jina (laptopu nyingine zinataka ushike Fn kwanza). "My Computer" imebadilishwa jina mara mbili, utepe umekuja na kuondoka, vitufe hivi vipo palepale. Mimi ni mtu wa mausi, vidole vilikataa wiki ya kwanza. Wiki ya pili vikazoea.

Karatasi ya ukutani tuliitoa. Mpya inasema hivi tu: Windows na E, andika tarehe au mji kwenye sehemu ya kutafuta, Ctrl na C, nenda kwenye flashi, Ctrl na V. Binti mwenyewe ndiye aliyeiandika, kwa mwandiko wake, na mwezi uliopita laptopu ilipojiapdeti usiku hakunipigia simu.

Kwa wale mnaopanga kuhamia Windows 11 au kununua simu mpya mwezi huu: msianze na uhamishaji. Chukua risiti na picha za mizigo ambayo bado haijapokelewa, hizo tu, hata kama ni saba, zipe majina leo usiku, na nakili nyingine iweke kwenye flashi. Za zamani utazimaliza taratibu. Mimi mwenyewe za 2019 sijazimaliza hadi leo.