Soko la Ng'ambo na Ghala la Nyumbani

Ndugu msomaji, huenda maneno kama "umoja wa forodha" yakasikika masikioni mwa mama wa Mpanda kuwa ni mambo ya mawaziri na mikutano yao. Jumapili hii napenda tuyatazame kwa jicho la nyumbani, kwani mwisho wake yanahusu gunia la mchele, debe la karanga na sare ya mtoto wa shule.

Mkoa wetu wa Katavi unapakana na Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hilo iko Kongo. Kutoka Karema, ambako Serikali imejenga bandari katika miaka hii ya karibuni, chombo huvuka hadi Kalemie, mji wenye wanunuzi wengi na reli iingiayo bara. Biashara hiyo ni ya tangu enzi za mababu. Lililo jipya ni sheria.

Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi Itifaki ya Umoja wa Forodha mwezi Machi 2004, nayo ikaanza kutumika mwaka 2005. Tarehe 8 Aprili 2022, mjini Nairobi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwezi Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Kwa msingi huo, bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama haipaswi kutozwa ushuru wa kuingizia bidhaa katika nchi mwanachama nyingine.

Faida yake si ndogo. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, mchele utokao nje umewekewa asilimia 75, na mahindi asilimia 50. Mchele wa Mpanda, ukiwa ni zao la ndani ya Jumuiya, hauhusiki na mzigo huo. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya mkulima wetu kushindana sokoni.

Lakini haki isiyojulikana hailipi. Ni lazima ithibitike kwamba bidhaa imezalishwa hapa, na uthibitisho wake ni cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, Jumuiya imeweka cheti chepesi kwa bidhaa zilizoorodheshwa, hasa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Asiyekuwa nacho atahesabiwa kama mgeni, au atamwachia dalali faida yake. Aidha, kusamehewa ushuru si kusamehewa kila kitu: ukaguzi wa afya ya mimea na samaki ungali palepale. Basi, kabla ya kupakia mzigo, tuwaulize maofisa wa forodha, na tudai stakabadhi kwa kila shilingi tunayolipa. Wenye magunia machache wajiunge katika kikundi, wasafirishe pamoja.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Soko jipya huleta wanunuzi hadi mlangoni wakati wa mavuno, na fedha taslimu hushawishi. Kaya inayouza chote mwezi Julai huweza kujikuta mwezi Januari ikinunua mahindi yale yale kwa bei ya juu, huku watoto wakilala na njaa. Hapo biashara huria itakuwa imemnufaisha nani?

Hapana budi baba na mama waketi pamoja kabla ya gunia la kwanza kutoka ghalani. Wahesabu midomo iliyopo nyumbani, watenge chakula cha kuwafikisha mavuno mengine pamoja na mbegu, ndipo wauze ziada. Na fedha itakayopatikana ijadiliwe na wote wawili, kwani jembe lilishikwa na wote wawili, na mara nyingi zaidi na mama.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ziwa limefunguka, ndugu msomaji. Tuvuke tukiwa na cheti mkononi, na tuache chakula nyumbani.