Daftari la Programu: Ngao Isiyoonekana ya Taarifa za Wananchi

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapolipa ada ya huduma, anapoomba cheti cha kuzaliwa au anapofuatilia hati ya kiwanja chake kwa simu ya mkononi, mara nyingi jibu analopata halitoki katika kompyuta moja. Nyuma yake lipo kundi la seva zinazotunza kanzidata moja kwa pamoja, ili mojawapo ikipata hitilafu, nyingine ichukue nafasi yake bila huduma kusimama.

Utaratibu huo unategemea sharti ambalo ni rahisi kulisahau: seva pacha lazima zifanane kwa yale yaliyomo ndani yake. Kila seva hubeba mamia ya vifurushi vya programu. Mbali na programu ya kanzidata yenyewe, zimo maktaba za mfumo endeshi, zana za mawasiliano na programu za kubana mafaili. Katika kundi la seva sita, mamia hayo huwa maelfu. Swali linalopaswa kuulizwa na kila msimamizi wa TEHAMA ni moja: je, tunajua leo kilichomo ndani ya kila seva, na kwa toleo gani?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika kanzidata, kinachoweza kuisha bila habari ni usahihi wa taarifa zenyewe. Mwezi Agosti 2018, toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi inayotumiwa na mifumo endeshi mingi ya Linux, lilikuja na mabadiliko makubwa katika kanuni za kupanga maneno. Kanzidata kama PostgreSQL inaweza kutegemea kanuni hizo inapojenga faharasa za majina. Hivyo basi, seva kuu ikiwa na toleo la zamani na seva ya akiba ikawa na jipya, faharasa iliyopangwa kwa kanuni moja husomwa kwa kanuni nyingine. Jina la mwananchi linaweza kuwemo katika kumbukumbu, lakini utafutaji ukajibu kuwa halimo. Seva ya akiba ikishika usukani, rekodi iliyopaswa kuwa moja inaweza kuandikwa mara mbili. Hakuna king'ora kinacholia, na aliye dirishani huambiwa tu kwamba hajasajiliwa.

Hatari ya pili ni ya usalama. Mwezi Machi 2017 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika programu ya Apache Struts, na marekebisho yake yakatolewa wakati huohuo. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza taarifa za mikopo, ilipokea tahadhari na kuagiza seva husika zirekebishwe. Hata hivyo, mfumo mmoja uliokuwa na programu hiyo haukutambuliwa. Wadukuzi waliupitia kuanzia Mei hadi Julai mwaka huo, na taarifa za watu takribani milioni 147 zikachukuliwa. Uchunguzi wa Bunge la nchi hiyo ulibainisha kuwa miongoni mwa kasoro za kampuni ni kukosa orodha kamili ya mali zake za TEHAMA. Dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni kumjua mgonjwa.

Tukio la Machi 2024 linatoa funzo lingine. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alishangaa kuona kuingia katika seva kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alipochunguza, aligundua mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Siku hiyo, taasisi yenye orodha ya vifurushi iliyo hai iliweza kujibu ndani ya dakika chache iwapo imeathirika. Isiyokuwa nayo ililazimika kuingia seva moja baada ya nyingine.

Kuandaa orodha hiyo hakuhitaji fedha nyingi. Mifumo ya Linux ina amri zake, kama vile rpm -qa au dpkg -l, zinazotaja kila kifurushi na toleo lake. Zana huria kama Ansible huweza kukusanya majibu ya seva zote kwa mkupuo mmoja. Kazi yenyewe huanza baada ya hapo, nayo ni kulinganisha seva na seva, kulinganisha orodha ya leo na ya wiki iliyopita, kisha kuipima dhidi ya tahadhari za usalama zilizotolewa.

Ni vema pia kutambua mipaka yake. Programu iliyosimikwa kwa mkono, nje ya utaratibu wa vifurushi, haitaonekana katika orodha. Seva zinaweza kufanana zote katika ubovu. Aidha, orodha ikivuja humpa mdukuzi ramani ya nyumba, hivyo nayo ilindwe kama taarifa nyeti.

Kwa Tanzania, jambo hili limekwishavuka mipaka ya chumba cha seva. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliweka msingi wa kusimamia mifumo ya taasisi za umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni vigumu kutimiza wajibu huo bila kujua zana zinazozihifadhi.

Kwa msingi huo, viongozi wa taasisi wanapokagua magari na samani kila mwaka, waulize pia daftari la programu: lilisasishwa lini, na nani anawajibika nalo? Mwananchi aliyekabidhi jina lake, namba yake na hati yake anastahili jibu lenye tarehe.