Paka Aliyechafua Mswala

 

Juma hili nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya haki za jirani. Nimeyaweka kando kwa sababu ya simu niliyopigiwa baada ya sala ya Isha. Aliyepiga ni binti wa dada yangu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa anaishi na mumewe Ntimaru, huko Kuria Mashariki katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Mumewe ana duka. Ni nchi ya mahindi, tumbaku na ng'ombe, na jioni zake zina baridi ambayo mtu wa pwani huisikia mifupani.

"Mjomba," akaniambia baada ya salamu, "paka amenitia mashakani na Mola wangu."

Paka huyo ni dume, ana umri wa miaka mitatu, naye ni kipenzi cha binti yao mdogo. Alizoea kwenda haja katika beseni la mchanga bila ya kumkera mtu. Tangu wahamie nyumba mpya ya kupanga, ameliacha beseni na kuuchagua mswala. Mara tatu katika juma moja mama huyu ameukuta umelowa. Hakujua tena ni sala ipi iliyosihi na ipi ya kurudiwa. Mumewe amekwisha kutenga gunia: siku ya soko atamtia paka ndani, amchukue kwa gari, amwachilie mbali asikoweza kurudi. Mtoto halali kwa kulia.

Nilianza na lile lililomliza yeye. Paka mwenyewe si najisi. Mnaijua habari ya Abu Qatada (R.A.), alipomiminiwa maji ya udhu na Kabsha, mke wa mwanawe. Akaja paka, naye akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha akastaajabu. Abu Qatada akamfahamisha kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka hanajisi, kwani ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Kwa hiyo mate yake ni tohara, na unyoya mmoja mmoja unaoganda katika nguo husamehewa. Lakini mkojo wake na kinyesi chake ni najisi. Nasema hivi kwa kuwa nimewasikia baadhi ya watu wakichukua usafi wa paka wakaupeleka hadi kwenye mkojo wake. Hayo ni mambo mawili.

Ama sala zilizopita, katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyesali kisha akaiona najisi, akiwa na yakini kwamba ilikuwapo pale alipokuwa akisali na ilimgusa mwili au nguo, na airudie sala hiyo. Akiwa na shaka, ikawezekana paka alikuja baada ya yeye kutoa salamu, sala yake imesihi. Na ikiwa uchafu ulikuwa pembeni mwa mswala, asipogusa yeye wala nguo yake, hana la kurudia. Tulipohesabu pamoja, sala alizokuwa na yakini nazo zilikuwa mbili. Yeye alikuwa amejitwisha deni la mwezi mzima.

Kisha nikamwuliza anausafishaje mswala. Akasema anauanika juani hadi ukauke. Mara nyingine huuchovya katika beseni la maji ya sabuni. Hapa, mama zangu, ndipo wengi wetu tunapokosea. Kwa madhehebu yetu jua hukausha, halitoharishi. Na maji machache, yasiyofikia kula mbili, ambazo hukadiriwa kuwa kama lita 200 hivi, huingiwa na najisi mara tu kitu chenye najisi kinapotumbukizwa ndani yake. Beseni la kufulia liko mbali mno na kiwango hicho. Basi mswala usiende kwenye maji, maji ndiyo yaujie mswala. Kwanza ondoa uchafu wenyewe: kama ni kinyesi, kiokote, kama ni mkojo, ukandamize kwa kitambaa kikavu mpaka kisinyonye tena. Kisha utundike mswala, au uuweke mahali penye mteremko, umimine maji safi juu yake mpaka rangi, ladha na harufu viondoke. Sabuni ni msaidizi. Kinachotoharisha ni maji. Ukisugua kwa bidii, ikabaki rangi peke yake au harufu peke yake isiyokubali kutoka, hilo husamehewa. Sakafu ya saruji nayo ipanguswe kwanza, kisha imiminiwe maji. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (S.A.W.) aliamrisha ndoo ya maji imwagwe pale pale.

Sheria inatosheka hapo, lakini pua ya paka haitosheki. Pua yake ni kali kuliko zetu, na harufu iliyobaki humwambia kuwa hapo ndipo chooni. Baada ya kutoharisha, pangusa mahali hapo kwa siki iliyochanganywa na maji, uache kidogo, kisha usuuze. Na tahadharini sana na ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na kifua, khasa katika chumba kilichofungwa. Nimejua nyumba ambayo mama alikohoa usiku kucha kwa jambo hilo, akidhani ni baridi.

Sikuwa na elimu ya kumjibu kwa nini paka ameliacha beseni, maana madrasani hatukusomeshwa tabia za paka. Nikamwomba anipe siku moja, nikaenda kwa daktari wa mifugo ninayesali naye safu moja. Jambo la kwanza aliloniambia ndilo ninalotaka kila nyumba yenye paka ilishike. Paka dume akienda kujaribu haja ndogo mara kwa mara, akajikakamua, akalia, na kisitoke kitu au yatoke matone tu, huenda njia ya mkojo imeziba. Hapo msingoje hata kesho. Akikaa hivyo siku mbili tatu hufa, na hufa kwa maumivu makubwa. Watu humpiga wakidhani ni ukaidi, kumbe anaomba msaada kwa njia pekee aliyo nayo. Hata bila ya kuziba, kibofu kikivimba paka hulihusisha beseni na maumivu, akatafuta mahali laini. Na ni kipi kilicho laini sebuleni kuliko mswala?

Akaniuliza pia kama paka anachuchumaa au anasimama. Akisimama, mkia ukitetemeka, akarusha mkojo ukutani au mlangoni, huyo anaweka alama ya mipaka yake, na kwa madume wengi kuhasiwa hukomesha tabia hiyo. Katika kuhasi wanavyuoni wamekhitalifiana. Imamu Nawawi (R.A.) alilikataza kwa mnyama asiyeliwa, wanavyuoni wa Hanafi wameliruhusu kwa paka panapokuwa na manufaa, na wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wameliruhusu pia kwa ajili ya kuondoa madhara, likifanywa na tabibu bila ya kumtesa mnyama. Mwenye haja nalo amwulize shekhe wake. Wallahu aalam.

Paka wa Ntimaru alikuwa anachuchumaa, na mkojo wake ulikuwa mwingi. Hata hivyo nilimsihi mpwa wangu amwite daktari anayetibu ng'ombe wa majirani. Akaja, akampapasa tumbo, akasema kibofu ni salama.

Basi likabaki beseni lenyewe. Nikamwuliza liko wapi. Lipo katika stoo ya nyuma. Na nyuma ya ukuta wa stoo kuna nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kinu cha kusaga mahindi, mjomba." Kinu hicho hunguruma tangu asubuhi mpaka magharibi, na ukuta hutetemeka. Zaidi ya hayo, mvua zilipoanza mchanga ulikuwa ukiletwa umelowa, akaubadilisha kwa majivu ya jikoni. Na majivu yakilowa mkojo huwasha nyayo. Tena alikuwa akiliosha beseni kwa dawa ya kuulia vijidudu yenye harufu kali hata yeye mwenyewe akipiga chafya. Mimi pia nisingeingia choo cha namna hiyo.

Nikampa niliyopewa. Beseni lihamie pembe tulivu, mbali na chakula chake. Litiwe mchanga mkavu, kina cha vidole vitatu, na likiwezekana liwe na la pili, kwani paka wengine hawapendi kurudia walipokwisha kwenda. Kinyesi kiondolewe kila siku, na beseni lioshwe kwa maji na sabuni ya kawaida tu. Mswala ukunjwe na kutundikwa baada ya kila sala. Asipigwe, wala asisukumizwe pua katika mkojo wake, maana hatajua kosa lake. Atajifunza tu kumwogopa mwenye mkono na kujificha anapojisaidia.

Jambo moja zaidi nililisisitiza, kwa kuwa yeye ni mjamzito. Kinyesi cha paka huweza kuwa na kimelea kinachomdhuru mtoto aliye tumboni. Kimelea hicho huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili wa paka kabla hakijaweza kuambukiza, ndiyo maana kusafisha kila siku ni kinga. Lakini kazi hiyo aifanye mtu mwingine wa nyumbani, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Halafu nikaomba kuzungumza na mumewe. Ni kijana mwema, na kuchukia najisi katika nyumba yake ni katika imani yake, sikumlaumu kwa hilo. Nilimkumbusha yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Akanijibu kwamba yeye hamfungii, anamwachilia. Ni jibu la mtu mwenye akili, nami nililifikiri kabla ya kusema neno. Nikamwambia: paka wa shume aliyezaliwa sokoni ukimwachilia umempa riziki yake, huyu aliyelelewa ndani, ukamtoa guniani asipopajua, kati ya mbwa na magari, umemfungia katika nchi pana. Kama nyumba imemshinda kabisa, na amtafutie mtu wa kumpokea kwa mkono. Akasema atangoja majuma mawili.

Majuma hayo yamekwisha juzi. Mpwa wangu ameniarifu kwamba paka amekosea mara moja tu, asubuhi ambayo binti aliwahi shule na baba akasahau zamu yake ya mchanga. Mumewe alipoukuta mkojo kizingitini, aliuliza kwanza, "Leo beseni limesafishwa na nani?"