Chungu hakikai juu ya figa moja

Vijana wetu wengi wamo katika vyuo vikuu, na wengine huchagua historia ya nchi kuwa kazi yao ya mwisho wa masomo. Ni jambo jema. Lakini kazi nyingi za namna hii hazifai. Nasema wazi: hazifai. Mmoja anaandika vita tu, nani alimpiga nani na mwaka gani. Mwingine anaandika biashara tu, kana kwamba pembe na shaba zilitembea zenyewe. Wa tatu ananakili mapatano ya wafalme na Wazungu, bila kuuliza kwa nini huyu alikubali na yule alikataa. Tena wengi hufungua kitabu kimoja, hubadili maneno mawili matatu, kisha huweka jina lao juu yake.

Mama zetu wanajua kwamba chungu hakikai juu ya figa moja. Mafiga ni matatu. Historia ya taifa ni vivyo hivyo: kuna vita, kuna biashara, kuna mapatano na mataifa mengine. Ondoa moja, na chakula chote kitamwagika.

Tutwae mfano wa kwetu, ufalme wa Garenganze wa Mwenda Msiri, katika Katanga.

Msiri alitoka Unyamwezi, ng’ambo ya ziwa Tanganyika. Baba yake Kalasa alikuwa mfanya biashara aliyekuja kununua shaba. Katikati ya karne ya 19 mwana akaja kukaa, na hatimaye akatawala. Kwa nini mgeni alipata nguvu hivi? Mwanafunzi wa vita atajibu upesi: alikuwa na bunduki. Ni kweli. Lakini bunduki zilitoka wapi?

Hapo ndipo figa la pili linapotakiwa. Kutoka Bunkeya shaba na pembe za ndovu zilikwenda mashariki hata pwani ya Zanzibar, na magharibi hata Bihé na Benguela. Watu pia waliuzwa, wamefungwa kamba shingoni. Tusifiche jambo hilo. Kwa njia hizo hizo zilirudi baruti, bunduki na nguo. Biashara ilizaa jeshi, na jeshi lililinda biashara. Asiyeandika yote mawili hajaandika hata moja.

Na figa la tatu? Msiri alijua kusema na wageni. Alioa katika jamaa za watu wenye nguvu, hata akamwoa Maria da Fonseca, mwenye damu ya Kireno, ili njia ya magharibi isifungwe. Mwaka 1886 alimpokea Arnot, mhubiri Mprotestanti. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa ajili ya Waingereza na karatasi ya mapatano, Msiri akakataa. Mwaka 1891 wakaja watu wa Leopold II: Le Marinel, kisha Delcommune, kisha Kapteni Stairs. Bendera yao nayo aliikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa Bodson alimpiga Msiri risasi akafa, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi, akafa baadaye kwa jeraha hilo.

Mwanafunzi wa vita ataandika: risasi moja ilimaliza ufalme. Si hivyo! Basanga walikuwa wamekwisha asi, misafara ilikuwa haipiti vema, baruti imepungua, na njaa ilikuwa inaingia. Ufalme ulianguka kwanza sokoni na njiani, kisha ukaanguka kwa bunduki.

Tena sikilizeni jambo hili. Compagnie du Katanga iliundwa tarehe 15 Aprili 1891, ikaahidiwa theluthi moja ya nchi iliyoitwa tupu. Aprili! Msiri alikuwa bado hai, amekaa kitini pake Bunkeya, anakata maneno ya watu. Nchi yake ilikuwa imekwisha gawanywa kwenye karatasi huko Brussels. Nani atatambua hayo, kama mwanafunzi wa vita hasomi karatasi za biashara?

Najua watu wawili watanipinga. Wa kwanza atasema: “Mambo ya zamani hayaleti ugali. Kijana asome udaktari au ufundi.” Namjibu: mwaka 1906 iliundwa Union Minière, mwaka 1967 mali yake ikawa ya Serikali, na hata leo shaba ya Katanga inapakiwa na kwenda mbali. Kila mara kulikuwa na karatasi na sahihi. Mtu asiyejua jinsi sahihi za kwanza zilivyotolewa, atashikaje kalamu zamu yake ikifika? Ugali wa watoto wetu umo katika karatasi hizo.

Wa pili atasema: “Kufukua vita vya wazee ni kuamsha ugomvi wa makabila.” Hapana. Ugomvi hulishwa na habari nusu. Muyeke anamfanya Msiri kuwa mtu asiye na doa. Musanga anamfanya kuwa mnyang’anyi tu. Na mwanafunzi huandika kama jamaa yake anavyopenda. Hiyo ni kusifu ukoo, si kutafuta kweli. Asome Daktari Moloney, aliyekuwa katika msafara wa Stairs na kuchapisha kitabu mwaka 1893. Asome maneno aliyoyaacha Mukanda Bantu, mwana wa Msiri. Kisha aende kwa wazee wa Bayeke, na kwa wazee wa Basanga pia, hata kama nyumbani kwake wanakunja uso. Wanaposhindana, aandike kwamba wanashindana. Amri ya nane, usishuhudie uongo, haikusema kwamba wafu wanaweza kusingiziwa.

Nanyi wazazi na wakatekista, msikae kutazama. Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika habari za misioni zao siku kwa siku. Madaftari kama hayo yasiachiwe mchwa. Wazee wenu wanajua majina ya njia, ya masoko, ya walioshikwa na kuuzwa. Kijana akija na daftari lake, msimfukuze kwa kuwa anauliza mambo ya aibu. Mpeni kiti. Na akiandika uongo ili kupendeza kabila au bwana fulani, mwambieni usoni pake.

Wewe mwanafunzi, kabla ya kuandika “mfalme fulani alishindwa”, uliza: alikula nini, aliuza nini, alipatana na nani, nani alimfasiria maneno ya mkataba? Ukishindwa kujibu, funga daftari, ukatafute tena.