Si Kila Ubao ni Kuni

Ipo kauli nyepesi inayopendwa na wenye mamlaka: mbao chakavu ni kuni tu, wananchi watazichoma. Naipinga. Nguzo ya umeme iliyokwisha muda wake si kuni. Dawa moja maarufu ya kuzuia mchwa katika nguzo ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Na aseniki haiteketei kwa moto. Sehemu yake hupaa na moshi, nyingine husalia katika jivu, lile tusugulialo sufuria na kurutubishia mchicha.

Ujerumani, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2003, iligawa mbao chakavu katika madaraja manne: kuanzia mbao asilia zisizotiwa kitu hadi zilizotiwa dawa, kama nguzo na mataruma ya reli, ambazo huchomwa katika mitambo yenye kibali maalumu. Tusijitetee kwa umaskini. Kutenganisha huanza na jambo dogo: anayeuza au kutupa nguzo alazimike kutamka ilitiwa nini. Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tangu 2004. Tusimhubirie mama lishe achague kuni salama ilhali aliyemletea sumu hatumuulizi. Mwenye nguzo aizike nguzo yake.