AFYA YA AKILI YA WANAFUNZI WETU

Mwaka 1961 wanafunzi wa kwanza wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza masomo katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Hivyo basi, afya ya mwanafunzi yatuhusu sisi wanachama na wafanyakazi.

Mwanafunzi hubeba matumaini ya ukoo mzima. Mkopo ukichelewa, hushindia mlo mmoja. Mtihani ukikaribia, hukesha. Akikosa usingizi kwa majuma, akajitenga na wenzake na kuona maisha hayana maana, huo si uvivu wala laana. Yaelekea ni ugonjwa, nao una tiba. Shirika la Afya Duniani limetaja kujiua kuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29.

Wazazi, msiulize alama tu. Ulizeni pia amelalaje na amekula nini. Vyuo navyo havina budi kuongeza washauri. Nanyi, ndugu wanafunzi, mwoneni mshauri au daktari mapema, wala msione haya. Mficha maradhi, kilio humwumbua.